Ng'ombe Wako Wembere

Kijiji kipya, Ilongero,
Singida.
2 Februari 1975

Shangazi Dorkas,

Shikamoo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nisipoliandika kwanza nitaijaza karatasi kwa salamu halafu nitakosa ujasiri. Ninamlisha Ignas majani. Sisemi mboga za majani. Nasema yale maziwa ya majani uliyotusimulia Krismasi, yanayokamuliwa huko kazini kwako, kwa wataalamu wa kilimo, na kulishwa vifaranga. Ninayakamua mwenyewe, ninayachemsha mwenyewe, na hata mama yake hajui.

Sasa naweza kusalimia. Baba hajambo ila kiuno. Mama hajambo, anashinda kwenye shamba la ujamaa. Mvua safari hii imekumbuka njia, uwele umefika magotini, na kunde zimetanda mpaka mlangoni. Nyumba yetu mpya bado inavuja upande wa kusini. Mama anasema tembe letu la zamani halikuvuja hata mara moja, na baba humwambia anyamaze kwa sababu nyumba za hapa zimejengwa karibukaribu na majirani wanasikia. Kaka Simeoni bado yuko malishoni Wembere na ng'ombe. Aliondoka wiki ile ile lori la operesheni ya vijiji lilipotuhamisha, kwa sababu hapa hapakuwa na maji ya kuwanywesha, na hajarudi.

Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalibandikwa. Langu halimo. Mwalimu alisema majibu yangu ya karatasi yalikuwa mazuri, ila kwa miaka saba hajawahi kuisikia sauti yangu darasani. Niliinama, nikaenda zangu.

Turudi kwa Ignas. Ulimwona Krismasi akiwa mnyonge tu. Sasa miguu imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Nywele zimekuwa nyekundu kama ndevu za mahindi. Halii wala hachezi, anakaa tu anakutazama kama mzee aliyechoshwa na wageni. Mama yake, wifi Luciana, alimpeleka zahanati. Bwana wa zahanati akasema apewe maziwa, mayai na maharage. Baba alipoambiwa akasema, basi huyo bwana aje aniletee ng'ombe wangu. Maharage hayapo tangu ukame wa mwaka jana, kuku walikufa kwa kideri, na kunde bado hazijazaa, ni majani tu. Ndipo nilipokukumbuka wewe.

Lakini kuna jambo baya zaidi. Mama Urbano, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alisema kisimani mbele ya wanawake wote kwamba mtoto amebemendwa. Mume yuko Wembere, mtoto bado ananyonya, na miguu imevimba, basi mama yake ametembea na mwanamume. Neno hilo lilifika nyumbani kabla ya maji. Mganga ameitwa. Anasema dawa anayo, ila haifanyi kazi mpaka Luciana amtaje mwanamume huyo kwa kinywa chake. Luciana anasema hakuna wa kumtaja. Baba anasema atamsubiri, na mtoto anazidi kuvimba. Kwa hiyo, shangazi, nashindana na hilo. Nataka mtoto apone kabla wifi hajalazimishwa kutaja.

Ila kazi yangu inaharibika. Natwanga majani ya kunde, nakamua kwa kipande cha kanga, kisha nayapasha yale maji ya kijani polepole huku nikikoroga, kama tunavyofanya maziwa ya ng'ombe yasifurike. Napata ute unaoteleza na kupita wote kwenye kitambaa. Kinachobaki ni kijiko kimoja, tena kichungu. Ignas anakitema. Nakosea wapi?

Niandikie upesi. Tumia anwani ya shule, mwalimu atanipa.

Mimi binti yako,
Yunisi


Morogoro,
25 Februari 1975

Mwanangu Yunisi,

Marahaba. Barua yako ilinikuta na malaria, sasa nimepona. Mvua hapa zimezidi, nguo hazikauki. Wasalimie wote, na kaka yangu mwambie ajikande kiuno kwa maji ya moto yenye chumvi.

Nilisimulia yale maziwa ya majani ili tucheke. Sikujua kuna mtu anasikiliza.

Sikiliza tena, basi. Kosa lako ni la mtoto wa mfugaji. Umeyatunza majani kama maziwa, na hayo si maziwa. Hayataki upole. Chuma majani mabichi, machanga, asubuhi, uyatwange siku ile ile mpaka yawe kama matope. Kamua. Bandika sufuria yenye maji kidogo, yakichemka sana mimina humo yale maji ya kijani kidogo kidogo na moto uwe mkali. Usikoroge. Utaona yanakatika na povu zito la kijani linapanda juu. Hilo ndilo. Epua, chuja kwa kitambaa, maji ya kahawia yatakayotoka yamwage. Uchungu umo humo. Kisha rudisha ule mkusanyo kwenye maji safi yenye chumvi kidogo, kamua tena, uuweke chini ya jiwe zito mpaka uvunjike kama jibini. Hiyo ndiyo protini, mnayoiita shuleni chakula cha kujenga mwili. Makapi wape mbuzi.

Mtoto mpe kijiko kimoja kwenye uji, asubuhi, na kingine jioni akizoea. Usijaribu majani ya muhogo, wala jani lolote ambalo mama yako hapiki. Nawe onja kwanza. Na zahanati msiache kwenda. Hapa wataalamu wenyewe bado wanabishana kuhusu mambo mengi, kwa hiyo usijifanye daktari.

Kuhusu hilo la pili, nina neno moja tu. Luciana asitaje. Usiniulize kwa nini, na usiniandikie tena habari za mganga.

Shangazi yako,
Dorkas


Ilongero,
16 Machi 1975

Shangazi,

Shikamoo. Huku hatujambo kwa mwili. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, na maziwa yake hayawatoshi hata wao. Baba amejikanda kwa chumvi na anasema wewe hukusoma udaktari lakini kiuno kimelegea.

Nimefanya kama ulivyoandika. Nilipomimina, yalikatika mbele ya macho yangu, shangazi, povu likapanda zito kama ukoko. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Linanuka kama zizi asubuhi ya mvua, lakini uchungu umekwisha. Natoa bakuli moja dogo kwa kapu zima la majani, na mikono yangu imekuwa kijani mpaka kwenye kucha. Mama akiuliza namwambia ni mlenda.

Ignas alilizoea. Uvimbe ulianza kushuka miguuni, na macho yakaanza kufuata mbuzi. Juzi alinipiga kofi kwa sababu nilichelewa kumpa kijiko. Sijawahi kufurahia kofi namna ile.

Lakini nimechelewa, na kuchelewa kwangu kumegeuka kuwa mkuki.

Barua yako ilichukua muda kunifikia. Kabla sijaipata, Luciana alitaja. Walimweka ndani na wazee, mtoto mapajani kwake, mganga na dawa yake kwenye kibuyu, wakamwambia mtoto anakufa, je, aibu yako ina thamani kuliko yeye? Nami nilikuwa nje ya mlango nimeshika kuni. Akataja. Alisema ni dereva wa lori la operesheni. Hakuna anayejua jina la dereva yule wala alikotoka. Wazee wakaridhika, dawa ikatolewa.

Sasa mtoto anapona. Unaona, shangazi? Kadiri uvimbe unavyoshuka, watu wanasema, si mnaona, dawa imekubali, maana yake alisema kweli. Mama Urbano anatembea kijiji kizima na habari hiyo. Kijiko changu ndicho kinachomfunga wifi yangu. Ningeacha kumlisha, mtoto angevimba tena na pengine wangesema alidanganya. Niliwaza hivyo asubuhi moja nikiwa nimeshika mchi. Nikajichukia, nikatwanga.

Nilimweleza Luciana ukweli wote. Hakukasirika. Alinishika mikono akazitazama kucha zangu, kisha akasema, "Yunisi, sikudanganya sana. Ni lori lile ndilo lililomharibu mwanangu. Lilituchukua sisi likawaacha ng'ombe."

Kisha nilimwambia mama. Akanijibu kwamba majani hukamuliwa baada ya ng'ombe kuyala, si kabla, na kwamba ninatunga uongo ili kumtetea wifi. Akanikataza kuchuma kunde za nyumba. Nachuma za ukingoni mwa barabara.

Baba ametuma ujumbe Wembere. Kaka Simeoni akirudi baada ya mavuno, wazee watakaa, na Luciana atarudishwa kwao Mkalama. Ignas atabaki huku. Baba hatanisikiliza mimi. Wewe ni dada yake mkubwa, na mambo ya ndoa za nyumba hii hayapiti bila neno la shangazi. Mwandikie. Mwambie ulivyoona huko kazini.

Ulinikataza kuuliza, nami nakuuliza. Kwenye boma letu la zamani, nyuma ya zizi, kuna kaburi dogo la mawe. Tulipohama mama alilifunika kwa miiba ili wanyama wasilifukue. Nilimuuliza ni la nani, akasema muulize shangazi yako, halafu akajuta kusema. Ni la nani?

Yunisi


Ilongero,
13 Aprili 1975

Shangazi,

Shikamoo. Mwalimu amechoka kuniona. Kila gari la posta likipita namfuata, naye anatikisa kichwa kabla sijafika. Kama unaumwa, mwambie mtu aniandikie mstari mmoja. Kama hutaki kunijibu, niandikie hivyo pia.

Mimi sijaacha. Nilipokatazwa kunde, na zile za barabarani zikaisha kuliwa na mbuzi, niliomba kipande nyuma ya shule, mwalimu akanipa. Nilipanda kunde kwa ajili ya majani tu. Wanafunzi wananiita Mama Nyasi. Zamani ningelia. Sasa nawaambia waniletee kapu.

Kuna habari ambayo lazima nikupe. Mama Urbano alikuja. Hakuja kwa mlango wa mbele, alizunguka kwa mbuzi. Aliona kitambaa changu cha kijani kwenye uzio akafikiri mpaka akaelewa, maana ni mjanja yule mama, ila ujanja wake anautumia vibaya. Alikuwa amembeba mjukuu wake Zena, mtoto wa binti yake Stumai, aliyeolewa na askari wa huko Tabora na sasa yuko kwa mama yake. Alimfunua. Miguu ile ile. Nywele zile zile.

Alisema, "Nasikia una dawa ya majani."

Nikasema si dawa, ni chakula.

Akasema, "Chochote kiwe. Mpe. Lakini mtu asijue. Mume wake Stumai akisikia neno kubemenda ataua mtu kabla ya kuuliza."

Shangazi, unajua mimi siwezi kumtazama mtu mzima usoni. Siku ile nilimtazama. Nilimuuliza kama Stumai ataitwa kumtaja mwanamume. Akasema Stumai wake ni mwanamke safi. Nikamuuliza, na Luciana? Akarekebisha kanga yake begani, akatazama mbuzi.

Nilitaka kumwambia, nenda kwanza kisimani ulirudishe lile neno pale ulipolitupa. Nilikuwa nalo mdomoni. Kisha Zena akageuza shingo akanitazama kwa yale macho yao ya kizee, nikaingia ndani nikaleta kijiko. Mtoto hana kosa la bibi yake. Nimeahidi sitasema, na ahadi ni ahadi hata kwa mtu kama yule. Anamleta kila asubuhi, na Zena ameanza kunyanyuka.

Kwa hiyo nina ushahidi na nimefungwa mdomo. Wewe una neno na hutaki kulisema. Tuko wawili. Ila mimi nimejifunga kwa ajili ya mtoto. Wewe umejifunga kwa ajili ya nani?

Nisamehe kwa swali hilo. Nimelisoma mara mbili na sitalifuta.

Yunisi


Morogoro,
4 Mei 1975

Yunisi,

Barua zako zote zimefika. Sikuumwa.

Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia kama ulivyoniandikia. Nilikasirika. Nilikaa na hasira yangu mpaka nikaona kwamba haikuwa juu yako.

Kaburi lile ni la binti yangu. Aliitwa Theresia, jina la mama yake baba yake. Alikuwa na umri wa Ignas, baba yake akiwa mbali kikazi nami niko kwetu, na ulikuwa mwaka wa njaa, ng'ombe wetu walikufa kwa ukame mpaka tukabaki na ngozi. Alivimba. Waliniweka ndani kama walivyomweka Luciana, na kaka yangu, baba yako, alikuwa kijana, alikaa karibu na mlango. Wakasema nitaje.

Luciana ana akili kuliko mimi. Amelitaja lori. Mimi nilimtaja mtu mwenye jina.

Alikuwa na nyumba yake Mwankoko na mke na watoto. Hakuwahi hata kunishika mkono. Nilimtaja kwa sababu ndiye aliyenijia akilini, alikuwa amepita asubuhi ile kuuliza habari za ndama. Walimfukuza. Mke wake alirudi kwao. Na Theresia alikufa kabla dawa haijaisha kwenye kibuyu. Wakasema nimeficha wengine.

Hapa kazini, siku ya kwanza nilipowaona wakitoa lile povu na kusema ni chakula cha watoto wa miguu iliyovimba, niliomba ruhusa nikatoka nje. Ndiyo maana niliwasimulia kama kichekesho. Sikuwa na namna nyingine ya kulisimulia.

Sasa sikiliza. Sina likizo mpaka Agosti. Siku ya kikao, isome barua hii mbele ya kaka yangu na wazee wote. Isome yote, kwa sauti, na jina langu. Wakisikia kwamba niliyemtaja hakuwa na kosa, watajua kwamba kutaja si ushahidi. Mimi ni mtu mzima, niko mbali, aibu itanikuta nimeshazeeka.

Usiogope sauti yako.

Dorkas


Ilongero,
8 Juni 1975

Shangazi yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo. Mavuno ya uwele hayakuwa mabaya. Mama hajambo. Kaka Simeoni amerudi, amekonda na ana ndevu, Ignas alimkimbia. Mimi ni mzima. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, kwa maana ni ndefu.

Kikao kilikaa Jumamosi ya tarehe 31 Mei, uani kwetu. Baba na wazee kwenye vigoda, mganga karibu nao, wanawake upande wa jiko. Mama Urbano alikuja mapema akakaa mbele kama mtu anayesubiri ngoma. Stumai alikaa nyuma yake na Zena mgongoni. Luciana alikaa peke yake juu ya mkeka, na mzigo wake ulikuwa tayari umefungwa.

Barua yako nilikuwa nayo kifuani, ndani ya gauni.

Baba alieleza habari tangu mwanzo. Mtoto aliugua, mama akataja, dawa ikakubali, mtoto kapona. Akamuuliza Simeoni ana neno gani. Kaka akasema yeye haelewi jambo moja. Lori lile lilikuwa na watu wa nyumba kumi, na magunia, na mbuzi, na mwenyekiti kakaa mbele pamoja na dereva. Mke wake alipata wapi nafasi? Watu wengine walicheka. Mzee mmoja akasema mwanamke akitaka nafasi haikosi. Wakacheka zaidi, na Luciana akainamisha kichwa.

Kicheko kile ndicho kilichoninyanyua. Sikumbuki kusimama. Nilijikuta nimesimama na bakuli mkononi, maana nilikuwa nimelitengeneza asubuhi na kulificha nyuma ya kinu. Nikasema kwamba Ignas hakuponywa na kibuyu, nimemlisha mimi, na chakula chenyewe ni hiki.

Nilieleza yote. Kutwanga, kukamua, moto mkali, kutokukoroga, jiwe. Sauti ilitetemeka mwanzoni. Nilipofika kwenye jiwe ilikuwa imetulia. Mganga alilinusa bakuli akasema ni kinyesi cha ndama. Baba hakucheka. Baba aliona aibu kwa ajili yangu, na hiyo iliniuma kuliko kicheko. Akasema, "Keti, Yunisi. Ng'ombe ana matumbo manne, ndiye aliyepewa kazi ya kugeuza majani kuwa chakula. Wewe una mangapi?"

Nikasema, "Baba, ng'ombe wako wako Wembere. Mimi niko hapa."

Sikujua kama nimemtukana. Kaka Simeoni akanyoosha mkono, akachota kwa vidole, akala. Alitafuna akitazama chini, halafu akasema lina ladha ya mdomo wa ndama, lakini amekula vitu vibaya zaidi Wembere.

Mzee mmoja akasema hayo yote ni maneno ya msichana. Kama majani yanaponya, nani mwingine aliyepona? Mtaje.

Shangazi, nilikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa karibu yangu kuliko mkono. Moja ilikuwa kifuani, nyingine imekaa mbele na kanga mpya. Nilimtazama Mama Urbano. Alikuwa anahesabu vidole vya miguu yake. Nikasema, "Yupo, lakini nimeahidi kutomtaja. Mmeshazoea kuwalazimisha wanawake wataje watu. Mimi sitamtaja mtu."

Waliguna. Baba aliinua mkono ili afunge habari. Ndipo Zena akafanya lililofanyika. Stumai alikuwa amemshusha mgongoni kwa sababu ya jua. Mtoto aliliona bakuli. Alitembea, shangazi, kwa miguu yake, katikati ya wazee, akamkanyaga mganga kwenye kidole, akafika kwangu, akaingiza mkono wote ndani na kuanza kula. Ignas kuona hivyo akalia kwa wivu, akaja naye. Walikaa wale wawili miguuni kwangu wakagombania bakuli, midomo ya kijani mpaka puani. Wewe umewaona watoto. Kitu wasichokijua hukitema. Wale hawakutema.

Baba akauliza polepole, "Mama Urbano, mjukuu wako amekijuaje chakula cha nyumba yangu?"

Mama Urbano akasema watoto huokota chochote. Kisha akasema kijiji kimebanana siku hizi. Kila mtu alikuwa akimtazama Zena, na nywele zake ambazo mizizi imeanza kuwa nyeusi na ncha bado nyekundu. Stumai akasimama. Hajawahi kusema neno kwenye kikao chochote, ni kama mimi. Akasema, "Mama, inatosha." Basi tu.

Mama Urbano akakivua kilemba chake, akakikunja, akakivaa tena. Akasema, "Binti yangu hakumtaja mtu. Dawa haikutolewa. Na mtoto amepona."

Baba hakusema amekosea. Unamfahamu kaka yako. Alisema kikao kimekwisha na watu wana kazi. Lakini jioni nilimsikia akimwambia Simeoni asimrudishe mtu yeyote kokote, arudi Wembere aje na ng'ombe wawili wenye maziwa, na kama kijiji hakina nafasi ya zizi basi atawafunga kwenye mlango wa ofisi ya mwenyekiti. Mganga aliondoka bila kuaga.

Tulidhani Luciana atafungua mzigo wake. Hakufungua. Alisema atafungua siku neno litakaporudishwa kisimani, mahali lilipotupwa, mbele ya wanawake wale wale. Mama alimwambia asizidishe. Luciana akasema hajazidisha, ndiyo kwanza anaanza. Alilalia ule mzigo kama mto mpaka Jumatatu. Jumatatu Mama Urbano alikwenda kisimani, akalirudisha. Alilisema haraka na kwa sauti ndogo, kwa hiyo Luciana akamwomba arudie, na akarudia.

Sasa wanawake wanakuja nyuma ya shule na makapu. Mama pia. Anasema anakuja kunichunga nisiharibu kinu chake, lakini ndiye anayetwanga kwa nguvu kuliko wote. Wakisikia harufu wanaziba pua, halafu wanauliza kama kimebaki.

Lililobaki ni lako. Sikuisoma barua yako. Watu walipotawanyika baba alinifuata akauliza kama umeniandikia lolote. Ilikuwa hapa kifuani, nikilihisi joto lake. Nikamwambia haijafika barua yoyote. Aliniangalia sana. Akasema, "Kama ikifika, usiniletee," na sauti yake haikuwa ya hasira. Nadhani anayajua yaliyomo tangu siku ile aliyokaa mlangoni.

Ulitaka wasikie. Najua ilikugharimu kuandika. Lakini nilipokuwa nimesimama pale niliona kwamba ningeisoma, wangekutazama wewe na kumsahau Luciana, wangeguna, wangerudi makwao na habari mpya. Kwa nini kila mara, ili mwanamke mmoja aaminiwe, mwingine avuliwe nguo? Siku ukitaka wajue, njoo Agosti uwaambie mwenyewe, ukiwa umesimama, nami nitasimama karibu yako. Ama yule mtu wa Mwankoko, kama bado yu hai, huyo ndiye mwenye haki ya kuisikia kwanza, si wazee wa uani kwetu. Ukitaka tumtafute, tutamtafuta pamoja.

Kaka Simeoni akienda Wembere atapitia boma la zamani. Nimempa miiba mipya ya kuzungushia mawe. Sikumwambia kwa nini, naye hakuuliza.

Kwa hiyo, shangazi, nakuomba. Wakikuuliza, baba, mama, au yeyote, sema hukuandika. Sema ulikuwa na malaria. Mimi nimeshasema haikufika, na ni uongo wa kwanza niliousema bila kutetemeka. Utunze pamoja nami. Usimwambie mtu.

Binti yako,
Yunisi